Mwinuka

Mchungaji alisema, Tusimame,
na usharika mzima wa Kifanya ukasimama
na makoti yake, na mvuke wa pumzi zake.
Nikabaki mimi kwenye benchi, kitabu cha nyimbo mkononi,
kama mtu aliyenuna.

Sikununa. Mapaja yalikataa.
Jina la ukoo wetu ni Mwinuka, jamani,
na mwenye jina akainuliwa kwa makwapa
na wazee wa kanisa wawili, wenyewe wanahema,
kama gunia la viazi.

Nilidhani ni baridi ya Juni.
Oliva wa zahanati akalifinya paja:
Bibi, nyama imeondoka.
Imekwenda wapi?
Imelala. Ukiipa kazi itarudi. Si yote.
Blanketi halitairudisha.

Miaka hamsini nilibeba kuni, mbolea, maji ya bondeni,
watoto sita mgongoni kwa zamu,
na hakuna aliyeliita hilo zoezi.
Kisha wakaninyang'anya ndoo kwa heshima,
Bibi, pumzika,
na mapaja, yenye adabu kuliko mimi,
yakasikia yakatii.

Basi alfajiri, ukungu bado umeng'ang'ania mianzi,
nakalia kigoda cha marehemu
na dumu lake la ulanzi kifuani,
siku hizi lina maji, lita tatu
(angeliona angelia).
Nainuka.
Nashuka taratibu, kama anayelaza mtoto
asiyetaka kumwamsha.
Nainuka.
Magoti yanalalama kwa Kibena, nayaacha yaseme.
Tyubu ya baiskeli nimeifunga kwenye nguzo ya jiko,
naivuta, inanivuta,
hatujapatana mpaka leo.

Mama Mgaya alichungulia juu ya ua:
Nani amekuroga, unasalimia kigoda?
Lete chako, nikamwambia.
Alileta Alhamisi, na kikohozi chake,
na tofali moja lililobaki kwenye nyumba ya mwanawe.
Siku ya pili hakuweza kushuka ngazi ya choo,
akanitukana kijiji kizima kikasikia.
Jumamosi alirudi.

Viazi debe zima bado sijaweza. Nusu naweza,
kutoka shambani hadi kwenye mparachichi, napumzika, naendelea.
Kanisani nasimama nimeshika benchi la mbele;
nikiliachia, naliachia kwa ubeti mmoja.

Mjukuu wangu Tito ndiye mhesabuji.
Akiona jasho ananihurumia:
sita, saba, tisa...
Rudi, namwambia, dumu kifuani, magoti yakitetema.
Nane yangu umeipeleka wapi?