Toleo la Kumi na Moja

Saa nne usiku, Ibra, chumba cha ithibati,
zamani stoo ya viti; vibovu viwili bado vipo.
Kiyoyozi kinakoroma kama mtu aliyeshiba.
Mezani ripoti ya kujitathmini, kurasa mia tatu na arobaini,
na viambatisho vimevishwa namba shingoni
kama mahujaji wa mara ya kwanza.

Kigezo cha nne kinauliza:
Mnajuaje kwamba mnachosema mnakifanya, mnakifanya?
Hilo ni swali la mke, si la wizara.
Tumelijibu kwa aya sita na jedwali.

Daktari Ghasib, mkuu wa kitivo, amefuta neno "udhaifu"
kila lilipotokea, mara thelathini na moja,
akaweka "fursa ya kuboresha."
Kwa hiyo sasa maktaba ina fursa ya vitabu,
wahadhiri wanne walioondoka bila kuaga ni fursa,
na paa la ukumbi, mvua ya Machi ilipolipitia,
lilikuwa fursa ikidondoka ndani ya ndoo.

Mama akapiga simu kuuliza nimekula nini.
Nikamsomea kidogo, nikitafsiri nikienda,
maana Kiarabu cha ripoti hakimwingii
na Kiingereza chake hakiniingii hata mimi.
Akacheka. Nyani haoni kundule, akasema.
Milima hii haina nyani.
Alikuja na masanduku mawili mwaka ule,
forodha wakayafungua yote.
Hilo hawakuliona.

Kiambatisho 4.17, madodoso ya wanafunzi:
asilimia themanini na tisa wameridhika.
Nikataka kuziona karatasi zenyewe.
Kurian wa takwimu akanijibu toka likizo, Kottayam,
kwa ujumbe wa sauti, mvua ikipiga bati nyuma yake:
kabati la kijani, dada,
ufunguo uko chini ya chungu cha mshubiri.

Boksi lilikuwa na gundi yake, halijaguswa tangu lifungwe.
Themanini na tisa ilitoka wapi, sikuuliza.
Yeye naye hakusema. Ilisema mvua.

Nikakaa sakafuni. Mia moja na kumi na mbili.
Wengi wametia alama safu moja, wima, haraka,
kama mtu anayeshuka ngazi kuwahi basi.
Mmoja amechora ngamia mwenye miwani,
anafanana kidogo na Daktari Ghasib.
Na mmoja, kwa penseli, mwandiko wa kulala,
hakutia alama popote. Ameandika tu:
Maabara ya pili. Bomba la kuoshea macho halina maji.

Nikawasha tochi ya simu, nikashuka.
Bomba lipo, na kibandiko chake cha jicho,
na kadi ya ukaguzi yenye sahihi kumi na mbili,
mwezi baada ya mwezi, wino uleule.
Nikalibonyeza.
Likapumua.
Nikalibonyeza tena, uso nimeuinamisha juu yake,
sijui kwa nini, macho yangu mazima.
Kijiupepo cha vuguvugu. Harufu ya kutu.

Ukurasa wa mia mbili na sita
nikaiandika sentensi ileile, sikuiremba,
wala sikuiita fursa.
Ushahidi: 4.17, karatasi ya sabini na tatu.
Nikamtumia Ghasib saa saba kasorobo, nikazima taa.

Asubuhi nakala iko mezani kwangu,
ina pete ya kahawa kwenye jalada.
Nilitegemea mstari mwekundu.
Hakufuta. Pembeni, kwa mkono wake,
maneno mawili: Tangu lini?

Nikaligeuza dodoso. Halina tarehe.
Nikamwuliza Thuwaiba wa maabara,
naye akamwuliza Shafiqul anayepiga deki.
Shafiqul alikuja miaka mitatu iliyopita,
alidhani ni pambo.

Jopo linafika Jumapili.
Fundi wa mabomba, toka Sinaw, ameahidi Jumatatu.
Nimeacha nafasi kwenye ukurasa,
upana wa tarehe moja.