Nguzo ya Sita

Nguzo ni kumi, zimeuzunguka uwanja
kama watu waliotumwa kusikiliza mlangoni.
Kila moja ina sikio la chuma kileleni,
na kila sekunde kumi linauambia mnara
upepo umetoka wapi na una haraka gani.
Zikiwa na kauli moja, ndege hutua.
Zikikinzana, hii ikitaja kusini, ile kaskazini,
na kati yao kilomita mbili tu za nyasi,
basi juu kuna hewa inayomwagika kama maji ya beseni,
na mbawa zikiingia humo
zitashika kitu, halafu zitashika bure.

Ninayezipanda ni mimi,
Arlys Vondracek, fundi, miaka kumi na saba
kwenye tambarare hii ya Nebraska.

Nguzo ya sita ilianza uongo Aprili.
Kipanga aliigeuza kiti.
Asubuhi moja, mbingu kavu, kengele ikalia mara tatu,
ndege tatu zikarudishwa angani kuchoma mafuta,
na Dewitt akanipigia simu toka mnarani:
"Arlys, nguzo yako imeota ndoto tena."
Nikapanda na miiba ya plastiki,
nikamnyima kipanga kiti.

Kisha ikatulia. Hapo ndipo ningeshtuka.
Kengele ya bure inaudhi, watu hufoka, fundi huitwa.
Kimya hakishtakiwi na mtu.
Kwenye skrini yangu ya sita ilikuwa kijani, kijani,
kilomita nne kwa saa, kilomita tano,
na ilisema kweli, ndiyo shida:
pale iliposimama, upepo ulikuwa huo huo,
maana ng'ambo ya uzio mipopla ya Bi Hruska
ilikuwa imekua mwaka hadi mwaka bila kuomba ruhusa
mpaka ikasimama baina ya sikio na neno.

Nilikwenda na barua ya ofisi.
Akanikatia mkate mtamu wa mbegu za popi.
"Mume wangu aliipanda," alisema,
"mwaka ule tuliompoteza Stan."
Sikuuliza Stan ni nani.
Barua ilirudi mfukoni, ina makombo.

Ofisini wanapenda asilimia.
Mfumo wetu, wanasema, unaaminika kwa tisini na tisa.
Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha:
moja iliyobaki, kwa mwaka, ni siku tatu na nusu na ushei.
Dhoruba haiombi siku tatu.
Inaomba dakika nne,
na haizichagui kwa kura.

Julai, saa kumi na moja jioni, lami inatoa jasho.
Wingu moja, wala si kubwa,
limening'iniza pindo la mvua isiyofika chini.
Ndege ya watu arobaini na wanne imeshusha magurudumu.
Ya sita: kilomita nne kwa saa. Kijani.
Dewitt hakuwa akitazama skrini.
Alikuwa akitazama mipopla.
Majani yote yakapinduka kwa pamoja, weupe juu,
kama kundi la samaki lililoguswa.
"Panda," akasema redioni. "Panda, zunguka."
Sekunde kumi na mbili baadaye
nguzo ya tano ikapiga ukelele.

Sasa nisemeje?
Miti iliyoziba sikio ndiyo iliyotamka.
Na kama Dewitt angekuwa anakoroga kahawa?
Sitaki watu arobaini na wanne waning'inie
kwenye shingo iliyogeuka kwa bahati.
Nimeomba nguzo ndefu, ipite vichwa vya miti,
mita tisa za ziada. Wamesema Oktoba. Bajeti.

Leo nimepanda tena, nimefuta vumbi,
nimezungusha vikombe kwa kidole, vimezunguka vizuri.
Fomu ina visanduku viwili:
Inafanya kazi. Haifanyi kazi.
Nimekaa kule juu kalamu mkononi,
majani ya Bi Hruska yakinong'ona usawa wa buti zangu,
kisha nimeandika pembeni, kwa herufi ndogo:
inasikia, ila si upande unakotokea.