Sawa Saba

Saa nane usiku, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Feni imesimama, umeme umekwenda zake,
betri imebaki asilimia arobaini na moja
na mashine imekataa kuyaunga matawi.

Imeniachia alama:
mishale saba ya kushoto, hapo pangu;
mishale saba ya kulia, hapo pa Mbelwa;
katikati, alama saba za sawa.

Sawa sawa sawa sawa sawa sawa sawa.
Na hakuna lililo sawa.

Ni mistari kumi na miwili tu, ndani ya kiini,
huko chini asikofika mtumiaji.
Fundi baiskeli wa nyumba hii atahifadhi hesabu ya njiti na mipira
asijue kuna pahala panaamuliwa
nani aifikie diski kwanza, nani angoje.

Mimi nafunga kufuli la foleni, kisha la diski.
Mbelwa, kule Lushoto, ameanza na la diski.
Peke yangu, niko sahihi.
Peke yake, yuko sahihi.
Tukiwekwa pamoja
kila mmoja ameshika lake, anamngoja mwenzake aachie,
na kompyuta nzima inatulia tuli
kama aliyekufa macho wazi.

Kufuta upande mmoja ni kazi ya kidole.
Nimewahi. Mwezi wa Machi.
Maelezo nikaandika neno moja: *Nimesafisha.*
Hakulalamika.
Tangu siku hiyo kila ninachomtumia
hunijibu: *Sawa.*

Leo nasoma polepole, maana giza halina haraka.
Juu ya mstari wake kuna maneno aliyoyaacha:
*Diski kuukuu hupoteza maandishi tukichelewa hapa.
Nimeshuhudia, shule moja ya Mlalo. Matokeo ya darasa zima.*
Yalikuwapo tangu Februari.
Niliyafuta bila kuyasoma,
naye ameyarudisha, neno kwa neno,
hata nukta.

Basi mgongano huu una adabu: umebisha hodi.
Ninaouogopa ni ule ulioungika kimyakimya,
mstari wake juu, wangu chini,
mashine ikapita bila kuuliza,
nasi tukalala.

Nabadili upande wangu, mahali panne.
Diski kwanza. Foleni baadaye.
Nakijenga kiini upya, betri inashuka kama maji ya mtungi uliopasuka,
kinaamka, kinapumua, hakigandi.
Maelezo naandika kwa urefu:
*Mpangilio ni wa Mbelwa. Kosa la Machi ni langu.*
Natuma kwa salio la mwisho la bando.

Kabla ya adhana, simu inatetemeka juu ya mkeka.
Nilijua atasema nini. Sivyo alivyosema.

*Umesahau mahali pa tano.*

Nacheka peke yangu.
Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote tangu Machi.
Napatafuta hapo pa tano
kwa mwanga wa asilimia sita.