Bomba la Baba

Mahindi hayaharakishwi.
Mama Ngosa huyaloweka siku mbili kwenye karai,
huyafunika kwa gunia, huyageuza kwa kiganja
kama anayemgeuza mtoto mwenye homa,
mpaka kila punje itoe mkia mweupe.
Ndipo huyaanika juu ya bati, huyatwanga,
na kinu hunukia utamu ambao bado haujafika.

Tunakaa ng'ambo ya Kafubu, pale Lubumbashi inapochoka
na nyumba zinaanza kuyaomba radhi mashamba.
Kutoka hapa dohani la kiwanda linaonekana kama kidole
kilichosahau kilikuwa kinamwonya nani.
Baba alilitumikia miaka ishirini na sita.
Mishahara ya mwisho hawakumlipa.
Alirudi jioni moja akitembea wima mno,
na kiunoni, chini ya shati, amejizungushia
mita nne za mukuba.
Hatukumuuliza.
Mama alimtengea maji ya kuoga,
akalipima bomba kwa shubiri, akasema:
"Basi hii ndiyo pensheni."

Tangu siku ile pipa letu lina shingo,
na shingo ina utumbo wa shaba
unaojikunja ndani ya maji baridi.
Panapovuja mvuke tunaziba kwa bukari:
tonge moja la moto, libanwe kwa gumba, likauke.
Kuna mwezi wa njaa tuliokuwa tukiliangalia tonge lile
na hakuna aliyesema neno.

Matone ya kwanza ni ya kumwaga.
Yanang'aa kuliko yote, yananuka rangi ya kucha,
fundi baiskeli mmoja aliyapenda, leo anaongozwa kwa fimbo.
Mama huyamwaga chini na hasemi ni ya nani.
Ya katikati ndiyo moyo.
Ya mwisho yana ladha ya sarafu na kitambaa kibichi;
hayo hurudi pipani, yakajaribu tena.

Mwaka juzi wakaja watu wa mizani.
Shaba yoyote, walisema, hata waya wa redio.
Kaka yangu Chisenga alikuwa na deni la pikipiki.
Usiku alikata mita moja na nusu,
akakirudishia mahali pake kilichobaki, taratibu,
kama mtu anayemvalisha marehemu.

Asubuhi mvuke ulitoka ukiwa bado mvuke,
ukapanda moja kwa moja kwenye mpapai.
Nyuki walianguka wakilewa.
Mama alilitazama bomba, akamtazama Chisenga,
akachuchumaa,
akachomoa kuni tatu kati ya tano.

Sasa tone likianguka
unaweza kumwita mtoto, akakataa,
ukamwita tena kwa jina la babu yake,
ndipo lifuate la pili.
Chupa iliyokuwa ikijaa saa nne
inajaa kuku wakiingia bandani.
Wanywaji walilalamika. Wengine walihamia kwa jirani,
anayetia mbolea ili iive upesi.
Mzee Katebe alibaki.
Yeye anainywa lutuku tangu enzi za marufuku,
polisi walipokuwa wakifuata harufu vichakani kama mbwa.
Alishika kikombe, akanyamaza muda wa kutosha kututia hofu.
"Mmeongeza nini humu?"
"Tumepunguza," Mama akajibu.

Chisenga haonji. Ndiye mchochea moto siku hizi,
na ana subira ya mkono ambayo hakuna aliyemfundisha.
Deni amelimaliza. Lile jingine halina mizani.

Baba hakuishi kuijua hii ya polepole.
Damejani moja nimeifukia kwenye udongo wa kichuguu,
kizibo chake gunzi na nta.
Atakayeifungua simjui.
Nikipita hapo usiku bila taa nanusa mahindi,
halafu shaba,
halafu, nikisimama kidogo, shati lile.

Mama anawasha kijiko.
Mwali wa buluu, mdogo, hautikisiki.
Anauzima kwa kiganja, hageuki kunitazama.
"Nenda kageuze gunia," ananiambia,
"yanaota."