Picha, Haina Maelezo

Saa mbili usiku, Tukuyu, mvua inagonga bati
kama mtu anayedai deni.
Nimeegemeza simu kwenye debe la mahindi,
mahali pekee nyumbani ambapo mtandao hausinzii,
na yule mwanamke wa ndani ya simu,
aliyejifunzia Kiswahili mbali, sijui wapi,
ananisomea darasa:
Picha. Haina maelezo.
Picha. Haina maelezo.
Kitufe. Kitufe.

Mwalimu Mbwilo anaendelea:
"Kama mnavyoona, mshale huu unaelekea huku."
Huku wapi, Mwalimu?
Huku kwangu ni moshi wa kuni mbichi.

Nikaandika. Aliyejibu ni Obeti, wa Bulongwa kule Makete,
ambaye hajawahi kusikia sauti yangu
wala ya mtu yeyote.
"Ni kreta. Imekatwa katikati kama parachichi.
Nawe niambie, amesema nini?
Akigeukia ubao, kwangu darasa limekwisha."

Ndivyo tulivyoanza,
viazi vyake kwa ndizi zangu.
Namwandikia kila neno, hata kikohozi,
hata jogoo wa Mwalimu aliyekosea saa.
Ananieleza mishale, rangi,
na kifungo cha shati kilichoruka tundu lake.
Simu inamsoma kwa sauti ileile
inayonisomea matangazo ya mikopo.
Nimezoea kuichuja.

Lakini nikimwandikia sentensi hii, inayofuata inanipita.
Naye akinieleza picha, midomo inamkimbia.
Watu wawili, sahani moja, kijiko kimoja.

Mtihani ukaja Ijumaa. Dakika arobaini,
wenye macho na wasio nayo,
na siku hiyo kuulizana ni wizi.
Mwanamke wangu hana haraka:
maelekezo peke yake yalikula dakika kumi na sita.
Swali la tisa. Tazama mchoro. Taja sehemu A.
Picha. Haina maelezo.

Nikakaa na mchoro nisiouona
wa kitu ninachokijua.
Nilikuwa na miaka tisa Mjomba Ambokile aliponipandisha Ngosi,
nimeshika mkia wa shati lake, matope hadi magotini.
Juu kule hakuna aliyeniambia tumefika.
Upepo ndio ulioniambia: ulitoka chini,
ukanipiga kidevuni,
baridi, na harufu ya maji yasiyokwenda popote.

Nikaandika hivyo. Kisanduku kikakataa, kinapokea neno moja.
Nikaandika: ukingo.
Muda ukaisha kabla sijakituma.
Kitufe, alisema. Kitufe.

Mwalimu, sikuomba maksi za huruma.
Niliomba sentensi moja chini ya kila picha,
maandishi chini ya midomo yako kwa ajili ya Obeti,
dakika za kumsubiri huyu mama wa simu,
na kila kitufe kiwe na jina;
hata ng'ombe wetu wawili wanayo.
Sentensi moja. Ungeiandika chai ikiwa inapoa.

Jumatatu mvua ilipumzika. Simu ikasoma:
Picha. Mlima. Nimeuchora mwenyewe, haukukaa vizuri,
upande wa kushoto umeinama.
Nilicheka hadi Mama akauliza kuna nini.
Nikamwandikia Obeti: umeona?
Akajibu: nimeona. Midomo bado haina maandishi.
Mwalimu akakohoa, akaanza kusema.
Nikaanza kuandika.