Tokeni ya Odembo

Odembo alinijia kibandani Kibuye siku ya Jumanne,
napindua kola za sare za watoto,
akasema, Mama Akeyo, nimewajengea ukumbi.
Hauna mwenyewe. Hauna matangazo.
Hakuna tajiri wa ng'ambo wa kuwahesabu macho.
Nikakata uzi kwa meno, nikamuuliza:
kama hauna mwenyewe, stima analipa nani?
Akacheka. Mimi, alisema. Kwa sasa.

Nikampa simu. Huyu nilimshonea kaptura ya kwanza,
ningemnyimaje kidole changu?
Simu ikaniambia: chagua nyumba.
Nyumba zilikuwa mia na ushee,
moja ya wapenda paka,
moja ya wasemao Kijerumani,
moja imefungwa, piga hodi, jieleze kwa nini unataka kuingia.
Mimi nilimtaka Nafula tu,
tuliyejifunza cherehani naye Bungoma kabla hajaolewa.
Nafula yuko nyumba ipi?
Bado hajaja, alisema Odembo, lakini akija
mtaonana hata mkiwa nyumba mbalimbali,
ni kama barua pepe.
Sijawahi kutuma barua pepe.
Nikachagua nyumba ya kwake.
Jina langu likaota mkia, na mkia ukaota mkia.

Nikaweka picha ya gauni la kitenge, mabega yamesimama,
kazi ya siku tatu.
Kule nilikozoea, kufika saa ya chai
ningekuwa nimeulizwa bei na watu kumi na wawili,
wanne wa kweli,
mmoja wa kulipa.
Huku alinijibu mzee mmoja wa Ufini.
Alisifu mshono, akanieleza kwa kirefu habari za programu huria.
Nilimshukuru.
Kiuno chake kiko mbali na futi yangu.

Mnalikumbuka soko jipya, lile la ng'ambo ya reli?
Paa zima, choo chenye maji, vizimba vinanuka rangi.
Tulihamia wiki moja.
Nilinunua nyanya za Risper, Risper akanunua vifungo vyangu,
noti ileile ya mia mbili ikatuzunguka
hadi ikalegea kama kitambaa cha kufutia meza.
Kisha tukarudi topeni.
Hakuna aliyetufukuza kule, hakuna aliyetuita huku.
Tope lilikuwa na nyayo za watu.

Wasemao nyumba njema si mlango
hawajasimama nje na mzigo kichwani.

Halafu, Machi, ule mtandao mkubwa ukazimika adhuhuri,
na chama chetu kizima, na kwaya, na wazazi wa darasa la sita,
wakamiminika kwa Odembo.
Alinipigia, sauti inapasuka: Mama Akeyo, wamekuja!
Nyuma yake nilisikia feni ya mashine
ikihema kama mbuzi aliyefungwa kamba.
Saa kumi na nusu, kimya.
Haikuwa mashine. Ilikuwa tokeni, imekwisha,
na mfukoni hakuwa na hata shilingi hamsini.
Alipopata wa kumkopesha
mkubwa alikuwa ameshaamka,
nao wamemrudia, mlango wa Odembo wameuacha wazi.

Yeye husema watu hawajui thamani ya uhuru.
Simbishii.
Ila nimeshona miaka ishirini na sita,
na nguo ikikataa kupita mabegani
sijawahi kumwambia mteja akapunguze mabega.

Hata hivyo, usiku, nikishafunika cherehani,
huingia kwake.
Chumba chenyewe nakijua: kitanda, dirisha linaloangalia Kondele,
kijitaa cha kijani kinachopepesa juu ya kabati la nguo.
Naandika: umekula?
Naye hunijibu papo hapo,
kama mtu aliyekaa karibu na mlango:
nimekula. Tokeni imeingia.
Leo tuko wanne.