Nipo Tu

Likizo vipi huko? Editruda ameniuliza
kwa ujumbe ulioingia saa nne usiku
nikiwa nimepanda juu ya gunia la mahindi,
maana mtandao, katika nyumba yetu ya Uwemba,
unakaa kwenye dirisha la stoo
karibu na mzinga mkuukuu wa babu.
Nikaandika: Nipo tu.

Hiyo "tu" ni fupi.
Ndani yake nimeishindilia Oktoba nzima.

Mna asubuhi, ukungu bado umelala bondeni
kama shuka aliyoikataa mtu,
mimi na Lutengano tunateremka kinyunguni,
ndoo mbili, kopo moja lililotobolewa kwa msumari,
tunamwagilia maharage mstari kwa mstari.
Lutengano ana miaka tisa. Anahesabu makopo kwa sauti,
akifika mia anaanza upya,
kwa sababu baada ya mia, anasema,
ni kazi ya watu wa chuo.

Mna njia ya kurudi, vumbi hadi kwenye kope,
mlima wa ng'ambo umechomwa, mweusi tii,
na papo hapo juu ya majivu
nyasi changa zinachungulia
bila kungoja mvua, bila kumwomba mtu ruhusa.

Baba mdogo Fidolin yuko kwenye benchi la duka lake.
Kamwene, nasema.
Kamwene, anajibu, halafu lile swali:
Hivi vile unasomea nini?
Takwimu, Baba mdogo.
Juzi nilimjibu hivyo hivyo. Na mwaka jana.
Anatikisa kichwa taratibu
kama mtu aliyepewa hali ya mgonjwa,
kisha ananisogezea daftari la madeni nimjumlishie.
Elfu arobaini na saba na mia tano.
Nusu anajidai yeye mwenyewe.

Orodha ya mikopo haijatoka.
Nimeangalia alfajiri, nimeangalia mchana,
nimeangalia na povu la sabuni mikononi.
Mama haulizi.
Anautazama uso wangu ninaposhuka kwenye gunia
halafu anaongeza ukuni mmoja jikoni.

Jumamosi nilikwenda kuchambua parachichi kwa wakala,
zile za mwishomwisho wa msimu:
kubwa huku, za kati kule,
zenye makovu pembeni, tukale wenyewe.
Ladha ni ileile.
Nilidhani hapo pana jambo la kusema,
lakini nilikuwa na njaa tu.

Editruda akatuma picha, harusi ya binamu yake Dodoma,
nywele zake, taa, keki ya ghorofa tatu.
Nikataka na mimi nitume kitu.
Nikapiga picha miguu yangu mbele ya moto,
soksi mbili zisizojuana,
moja ya baba.
Nikaifuta.

Ndipo simu ya mama ikalia.
Shangazi Gaudensia, kutoka Songea.
Mama huongea na simu kwa kupaza sauti
kana kwamba sauti itatembea yenyewe hadi huko,
ipande vilima vyote kwa miguu.
Viazi? Tumepanda. Mvua? Bado.
Winfrida?
Akanyamaza kidogo. Akanigeukia,
mimi na soksi zangu,
sinia la mchele mapajani, nachagua mawe.
Yupo! akasema.
Na tena, kama mtu anayegonga mfuko wake
kuhakikisha pesa haijadondoka:
Yupo.

Hakuweka "tu."

Usiku nikapanda tena kwenye gunia
nikiwa na neno la kumrekebishia Editruda.
Mtandao ulikuwa umeondoka,
dirishani kulikuwa na upepo na harufu ya majivu,
na labda, kwa mbali sana, udongo uliolowa
kijijini kwa watu wengine.

Tisini na nane, akasema Lutengano usingizini.
Tisini na tisa.
Nikasubiri.